Poda na Oili Isiyokauka

Jina la Poda nilimpa mimi, na sikumpa kwa mapenzi.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo katika karakana ya barabara, ile yenye uzio wa waya na mapipa ya lami mlangoni. Yeye alikuwa kijana mwembamba aliyepandishwa juzijuzi kutoka kwenye ufagio hadi kwenye spana. Siku moja alikuja dirishani kwangu na karatasi ya maombi. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kujikaza: poda ya tairi, kopo moja. Poda hiyo ilikuwapo, makopo kumi na manane yamepangwa rafu ya chini, ya kunyunyizia mipira ya ndani ya magurudumu isigandane. Nikamwuliza yeye na tairi wapi na wapi, maana yeye alikuwa mtu wa injini. Akasema kuna greda linavuja oili na hakuna anayejua inatokea wapi. Anataka kuliosha, kulikausha na kulinyunyizia poda, ili oili ikianza kutoka aione inakoanzia.

"Injini utaipaka poda?" nilimwuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Halafu utaivisha nepi?"

Foleni nzima ikacheka. Nikaandika juu ya karatasi yake kwa wino mwekundu, "Matumizi hayaeleweki", nikamrudishia.

Kesho yake alikuja na poda ya mtoto kutoka nyumbani kwake, kwa kuwa mkewe alikuwa amejifungua mwezi ule ule. Akalipaka greda lile mpaka karakana ikanukia kama chumba cha mzazi. Kabla ya kengele ya mapumziko alikuwa amekwisha kupaona mahali penyewe: ufa mwembamba kama unywele, mbali kabisa na pale mafundi wakubwa walipokuwa wakibadilisha gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, kila mwezi. Hakuna aliyempongeza. Jina tu ndilo lililobaki. Msimamizi alimwita Poda, madereva walimwita Poda, na nasikia hata mkewe alikuja kumwita hivyo, baada ya kuchoka kuwaeleza watu kwamba mumewe ana jina lingine.

Karakana ile ilikuwa chuo, ingawa hapakuwa na cheti. Mkufunzi wetu, mzee mmoja mkali aliyekuwa na vidole vinane, hakuruhusu mtu kugusa boliti kabla ya kuosha injini, kuitazama, na kuandika daftarini alichokiona. Ukimwambia "nadhani", alikurudisha nyuma. "Umeona au umedhani?" alikuwa akiuliza, na mtu mzima mwenye watoto alitazama viatu vyake. Mimi nami nilijisomea mle mle. Sikupita darasa la nne, lakini vitabu vya mitambo vilikuja na masanduku ya vipuri, na nilivisoma dirishani kwangu na kamusi pembeni mpaka nikajua namba ya kila kifaa kwa kichwa. Watu walisema natembea na stoo kichwani. Nilipenda kusikia hivyo.

Siku hizi fundi hasikilizi injini, anasikiliza simu. Gari likifika, kabla hujamaliza kusema limekufanya nini, amekwisha kukuandikia orodha ya vipuri. Akikosea anabadilisha kipuri kingine. Akikosea tena anakwambia injini imechoka, kana kwamba injini ni mtumishi wa serikali. Nimeyasema haya kwa kinyozi, nimeyasema msibani, nimeyasema kwenye foleni ya maji, na siyafuti. Ila imenibidi niyaongezee jambo moja, na jambo hilo linamhusu Poda.

Karakana ilipofungwa, mashine zilikatwa kwa moto zikauzwa kwa kilo. Siku ya mwisho kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilibeba vitabu. Poda alibandua ukutani ubao mrefu wa kutundikia spana, ule uliochorwa kivuli cha kila spana kwa rangi nyeusi, ili jioni mtu akitupa jicho mara moja tu ajue kipi hakijarudi. Aliubeba kichwani hadi kwake, akautundika katika banda la mabati alilojenga nyuma ya nyumba yake ya vyumba viwili. Uko pale mpaka leo. Nusu ya vivuli vyake havina spana. Poda hununua kifaa kimoja kimoja, na akipata kimoja hukiweka juu ya kivuli chake, akarudi nyuma hatua mbili na kukitazama. Mwanzoni watu walimletea magari. Kisha wakaanza kulalamika kwamba anachelewa, kwamba anakaa kwenye kigoda nusu saa akitazama tu, kwamba anaosha gari ambalo hakuambiwa aoshe. Wakamhama mmoja mmoja. Alibaki na pampu za maji, jenereta na cherehani. Hakulalamika kwa mtu. Mimi nilikuwa nikipita njia ile mara mbili kwa wiki, namsalimu nikiwa barabarani, ananiitikia "Bwana Stoo", nami naendelea na safari yangu. Miaka kumi na mmoja tuliishi hivyo.

Kilichonirudisha kwake ni gari la binti yangu.

Binti yangu wa pili ni mjane. Mumewe alimwachia watoto wawili, na gari la abiria lililokwisha kutumika sana, la kuvumiliwa tu, lenye milango ya kusukuma na viti vilivyoshonwa upya. Kwa gari hilo hubeba wanafunzi kumi na wanne kila asubuhi na kuwarudisha mchana. Nyumba yetu yote inakula kwenye gari hilo, nami nimo. Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nafungua boneti, napima maji, napima oili, nakaza kinachotaka kukazwa. Mwaka uliopita watoto walipolalamika kuwa ndani kunanuka moshi wa oili, niliimaliza harufu ile mwenyewe kwa dakika kumi, kwa ujuzi wa karakana, bila kompyuta ya mtu. Binti yangu alinisifu mezani, na nikala zaidi ya kawaida yangu.

Miezi mitatu iliyopita gari likaanza kuacha doa chini. Mwanzo lilikuwa kama sarafu, kisha kama sahani, kisha tukawa tunaweka beseni. Binti alilipeleka kwa fundi wa jirani, kijana mmoja anayeitwa Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe na kale kamashine kake ka kupimia. Daktari akabadilisha gasketi ya juu, ya kava ya valvu. Pakakauka wiki moja, oili ikatokea chini. Akabadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wiki mbili, ikatokea mbele. Akabadilisha sili ya mbele, ile pete ya mpira ya kuzuia oili. Siku sita.

"Mzee, sasa imebaki sili ya nyuma," aliniambia nilipokwenda kumtolea uvivu. "Tunashusha gia boksi. Ikishindikana, tunatafuta injini nyingine."

"Na ikishindikana tena, utabadilisha na dereva?"

Wateja wake walicheka. Yeye hakucheka. "Mzee, magari ya siku hizi hayapimwi kwa mdomo."

Niliondoka pale na moto kifuani. Kwa kinyozi nilimwita mchinjaji aliyejivika koti la daktari, na neno lile likapendwa, likatembea. Baada ya siku chache niliona magari mlangoni kwake yamepungua. Sikuhuzunika.

Ukaguzi nao ulikuwa umekuja kabla ya sili ile ya mbele kufungwa. Kila gari la wanafunzi lazima lipate kibali kipya, na mkaguzi alitazama chini ya gari la binti yangu mara moja tu. Akampa wiki mbili. Akirudi na gari linalodondosha oili, kibali hakuna, na shule ilikuwa imekwisha kumwambia kwamba bila kibali njia yake atapewa mwingine. Siku kumi zikaishia kwa Daktari na sili yake ya mbele. Zikabaki nne: Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa ndiyo ukaguzi.

Jumapili ile binti yangu alikaa kwenye ngazi ya mlango akilitazama beseni chini ya gari.

"Baba," alisema, "huyo rafiki yako anayekaa nyuma ya ghala la mbao, yule wa pampu, hakuwa fundi wa magari?"

"Si rafiki yangu."

"Sikuuliza urafiki. Nimeuliza ufundi."

Jumatatu, alipokwisha kuwashusha watoto shuleni, tulikwenda.

Poda alikuwa ameketi kwenye kigoda na cherehani mapajani. Nywele zake zimekuwa nyeupe tupu, na miwani yake imefungwa sikio moja kwa uzi. Binti alimpa shikamoo, akaitikia, akaniangalia mimi.

"Bwana Stoo. Leo umeingia ndani."

"Nimeletwa," nilisema.

"Afadhali wewe umeletwa," alisema mkewe kutoka jikoni, "huyu wangu naye hatoki mpaka abebwe."

Binti yangu alieleza yote: gasketi, sampu, sili, mkaguzi, Ijumaa. Poda alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza maswali ambayo Daktari hakuuliza hata moja. Oili inashuka zaidi likiwa linakwenda au limesimama? Linavuta vizuri mlimani? Kabla ya doa la kwanza, gari lilifanyiwa nini?

"Hakuna," nilijibu mimi. "Mimi mwenyewe hulitazama kila Jumapili."

"Basi limetazamwa," alisema, na sikujua ananisifu au ananikata.

Siku ile hakufungua hata boliti moja. Aliosha. Aliosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kwa sabuni na maji, kisha akaifuta kwa matambara kila pembe kama mtu anayefuta vyombo vya wageni. Binti yangu alitazama saa mara nne. Saa sita ikafika, akalichukua gari kwenda kurudisha watoto. Jumanne Poda aliendelea kuosha chini, akiwa amelala juu ya gunia, na safari hii binti alishindwa kujizuia.

"Mzee wangu, nisamehe. Kesho ni Jumatano."

"Najua, mwanangu. Lakini hii oili yote ni ya zamani na mpya pamoja. Oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Unapoiona inadondoka si nyumbani kwake. Nikianza leo kufungua, nitafungua palipolowa, si panapovuja."

Nilimsikia mkufunzi wa vidole vinane katika maneno yale. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilikaa kwenye banda la mtu nikaona raha.

Jumatano asubuhi alitoa kopo la poda. Alitia kidogo katika kitambaa chepesi, akakigongagonga juu ya injini mpaka yote ikawa nyeupe, mbele, nyuma, ubavuni, chini. Ile harufu ya kitoto ikajaa banda. Niliinama nikajifanya natafuta kitu. Hakusema lolote kuhusu zamani. Alimwambia binti alizungushe gari mpaka shuleni na kurudi, mwendo wake wa kila siku, bila kukimbiza wala kubembeleza.

Aliporudi tuliinama sote watatu. Juu ya weupe ule palikuwa na mistari mitatu ya hudhurungi. Mmoja ulianzia kava ya juu. Mmoja ulianzia mbele. Mmoja ulikuwa unajitokeza nyuma, kule kwenye gia boksi.

Binti yangu alishika kichwa. "Mitatu! Basi Daktari kasema kweli, injini imekwisha."

"Au Daktari hakufunga vizuri hata kimoja," nilisema. "Yule mchinjaji."

Poda alirudi kwenye kigoda chake. Akakaa. Dakika zikapita, na nikaelewa kwa nini wateja walimhama, maana kumtazama mtu anayefikiri ni kazi ngumu kuliko kumtazama anayegonga. Kisha akasema polepole, kama anayesoma:

"Gasketi mpya. Sili mpya. Ya nyuma ya zamani. Zote zinatoa kwa pamoja. Mpya na kuukuu haziwezi kuchoka siku moja. Hizi haziharibiki. Hizi zinasukumwa."

Akaingia ndani, akarudi na glavu ya mpira ya mkewe, ile ya kuoshea vyombo.

"Hiyo nakwambia mapema," mkewe alipaza sauti, "ikirudi na oili, utaosha vyombo wewe mpaka mwezi uishe!"

"Ndiyo, mama."

Alifungua kifuniko cha pale juu tunapotilia oili, akavisha glavu kwenye mdomo ule, akaifunga kwa uzi. Glavu ikalala juu ya injini kama mkono wa mtu aliyechoka. Akamwambia binti awashe.

Glavu ikatikisika. Ikajaa kiganjani. Kisha vidole vikaanza kuinuka, kimoja, viwili, vyote vitano, mpaka mkono wa njano ukasimama wima katikati ya injini, umekakamaa, kama wa mwanafunzi anayetaka kusema jambo na mwalimu hamwoni.

"Zima," alisema Poda. "Injini haipumui."

Alitueleza kwa lugha ya kawaida. Ndani ya injini kuna mvuke na hewa ya moto, na lazima itoke. Ina njia mbili, kama matundu mawili ya pua: kivalvu kidogo upande mmoja, na mpira upande wa pili. Kivalvu alikichomoa akakitikisa karibu na sikio. Kilikuwa kimya, kimeganda kwa uzee. Hilo alilitegemea kwa gari la umri ule. Lakini tundu moja lingetosha kuiweka hai. Kwa hiyo mkono wake ukaufuata ule mpira, kutoka kava ya juu, kupita nyuma, kushuka chini ya bomba la hewa, mahali ambapo jicho halifiki. Daktari alipobadilisha gasketi aliufungua mpira ule upande huu na kuurudisha. Mwisho wa pili hakuugusa.

Nilimwona Poda anapapasa. Nikaona vidole vyake vimesimama. Vilizunguka kitu mara moja, mara mbili, kama vya kipofu anayesoma. Kisha akageuza uso, si kwangu, kwa binti yangu.

"Mwanangu, hebu nenda duka la vipuri pale kona. Niletee kivalvu kama hiki, mpira wa unene huu, na klipu mbili. Nenda mwenyewe, uchague usio na nyufa."

Binti akaenda. Poda alisubiri mpaka hatua zake zikapotea. Ndipo akachukua koleo, akakata, akavuta, akanitilia kiganjani.

Lilikuwa donge la kitambaa, jeusi, gumu kama kisigino. Katika mkunjo mmoja ulionusurika palikuwa na mistari ya buluu na nyeupe. Lilikuwa limefungwa kwa waya wa shaba, mizunguko miwili, ncha imekunjwa kwa ndani ili isimchome mtu. Hivyo ndivyo nilivyofunga vifurushi vya stoo kwa miaka ishirini na mitatu. Hakuna mtu mwingine hapa duniani anayefunga waya hivyo.

Nilikumbuka yote. Mpira ulikuwa umechomoka mahali pake na unatoa moshi, watoto wanakohoa, nami nikachana shati langu kuukuu nikaziba mdomo wake, nikafunga, nikatembea kifua mbele. Ndiyo ile kazi ya dakika kumi.

"Kwenye magreda tulikuwa tunafunga hivi," nilisema.  "Mimi nilitoa vitambaa na waya kwa mkono wangu. Kila greda. Ipo kwenye leja."

"Tulikuwa tunafunga," Poda alikubali. "Kitambaa chepesi, tabaka moja, mavumbi yasiingie. Hewa ilipita. Na kila Jumamosi nilivifungua vyote nikavifua. Hukuwahi kuniona?"

"Jumamosi stoo ilikuwa inafungwa mapema."

"Kumbe."

 Aliniacha na donge langu akaenda kuosha glavu. Nikakaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa, mbele ya ubao wenye vivuli vya spana zisizokuwapo. Miaka yote hii nimekuwa nikiwasema watu kwamba wametupa njia zetu. Kumbe mimi nilibeba kitambaa nikaacha kufua. Nilijua namba ya kila kitu kilichopita dirishani kwangu, na sikuwahi kutoka nje kwenda kuona kinatumikaje. Yule kijana wa koti jeupe alidhani, hakuona. Lakini na mimi nilidhani, tena kwa majivuno zaidi.

Binti aliporudi, Poda alifunga vipya. Akamwambia, "Palikuwa pameziba," basi. Akafuta injini, akapaka poda mara ya pili, akamtuma kuwarudisha watoto. Gari liliporudi, injini ilikuwa nyeupe kote, isipokuwa alama ndogo mbele, kama kidole kilichogusa. "Hiyo ni oili iliyokwisha kuwa njiani," Poda alisema. Glavu nayo safari hii, ilipovishwa, ilinywea badala ya kuinuka. Binti yangu alimshika Poda mikono miwili, akamwita baba, na machozi yakamtoka.

Njiani kurudi alikuwa na moto wa baba yake.

"Ijumaa nikitoka kwa mkaguzi napitia kwa Daktari. Nitamwambia mbele ya wateja wake wote. Miezi mitatu ananifungulia gari, kumbe pameziba tu! Aliziba yeye huyo, ili nirudi kila wiki. Nitamwaibisha mpaka avue lile koti."

Nilinyamaza mpaka nyumbani. Nilinyamaza jioni nzima ya Jumatano. Najua kilichokuwa kinanishika: kibali kilikuwa karibu kupatikana, Poda alikuwa amenisitiri, na hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kufa na jambo lile. Lakini Alhamisi asubuhi nilimwona amekaa kwenye ngazi ile ile, anapanga maneno atakayomwambia yule kijana, anayajaribu kwa sauti, na mengi yalikuwa maneno yangu. Mchinjaji. Koti la daktari.

Nikaenda chumbani, nikarudi na donge.

"Usiende kwa Daktari," nilisema. "Hii ndiyo iliyoziba. Niliitia mimi."

Alilichukua. Akaligeuza. Aliutazama waya muda mrefu, kwa kuwa amekua akifungua vifurushi vyangu.

"Baba. Miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Sijalala miezi mitatu."

"Najua, mama."

Alilipima donge kiganjani. Kisha akaukunjua ule mkunjo wenye mistari, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Hili ni shati lako la buluu. Nilimgombeza mwanangu kwa ajili ya shati hili! Nikasema kalipoteza kwenye kamba!" Akacheka huku anajifuta macho, na sikujua niweke uso wapi. Alipomaliza hakuwa anacheka tena. "Basi kwa Daktari utakwenda wewe. Si mimi. Na utasema pale pale ulipomsemea."

Ijumaa mkaguzi alitandaza karatasi nyeupe chini ya injini, akamwacha binti yangu aiwashe dakika kumi. Mimi nilisimama nje ya kamba na wenye magari wengine, mikono nyuma. Mkaguzi alipoivuta karatasi aliigeuza pande zote mbili, kana kwamba haamini. Haikuwa na kitu. Akagonga muhuri.

Jumamosi nilikwenda kwa kinyozi. Palijaa watu, na Daktari mwenyewe alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, sabuni kidevuni, hawezi kukimbia wala mimi siwezi kuahirisha. Nikasema. Nilisema neno nililomwita, nikasema ni nani aliyeziba injini na kwa shati gani. Watu walicheka vya kutosha, na haki yao. Daktari alinitazama kupitia kioo.

"Kwa hiyo mzee, sili ya mbele haikuwa na tatizo?"

"Haikuwa na tatizo."

"Wala gasketi."

"Wala gasketi. Ulizifunga vizuri."

Alifikiri. "Huo mwisho wa pili wa mpira," akasema, "sikuuangalia." Alisema hivyo, pamoja na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Tangu siku ile nikimwita fundi, siweki kejeli ndani yake, japo lile koti bado linaniudhi.

Kutoka pale nilikwenda kwa Poda. Katika vitabu vyangu yamebaki makaratasi machache ya maombi ya stoo, yamekuwa ya njano. Nilikuwa nimejaza moja kwa mwandiko wangu mzuri: poda ya tairi, kopo moja. Mahali pa matumizi niliandika: kutafuta oili inakotoka. Chini nikaandika imekubaliwa, nikatia sahihi. Kopo nilikuwa nimelipata kwa fundi wa matairi, nikalifunga kwa karatasi na waya, mizunguko miwili, ncha ndani.

Poda aliinyoosha karatasi mbali na macho yake ili aisome. Alisoma polepole, mpaka kwenye sahihi.

"Umechelewa kidogo, Bwana Stoo."

"Foleni ilikuwa ndefu."

Alifungua kopo, akanusa, akakunja pua. "Hii haina harufu. Mimi nimezoea ile ya watoto."

Nikamwambia kwamba nimefikiri, na kuanzia leo nitamwita kwa jina lake.

"Weee," alisema mkewe kutoka jikoni, "utamwita hivyo, nani ataitika?"

Poda alikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo. Kopo akaliweka kwenye rafu chini ya ubao. Kisha akanisogezea kigoda cha pili, akanipa cherehani nishike upande mmoja, maana alikuwa anataka kuigeuza aone chini yake kabla hajaifungua.